Kahawa ya Tatu ya Mama Hatka

Tangu kaka yake apige simu kutoka Malmö, Uswidi, Senija hakukalika. Nusret anakuja Julai, yeye na mkewe na watoto, na safari hii ana siku kumi nzima. Siku kumi! Mara ya mwisho alikaa tatu tu katika fleti ya Senija pale Zenica, Bosnia, ghorofa ya tano, watu saba choo kimoja. Siku ya nne akabadilisha tiketi akaenda zake. Hakugombana na mtu. Alisema tu kwamba nyumba ya wazazi haipo tangu vita, na bila ile nyumba yeye hajui akae wapi. Neno hilo lilimchoma Senija, na mwiba wake haujatoka hadi leo.

"Safari hii namtafutia nyumba ya wageni ya shamba," alimwambia mumewe, Ekrem. "Yenye miti ya plamu. Akikaa siku zote kumi, na mwakani atarudi. Asipokaa, ndiyo basi tena, nimempoteza."

"Si uchague kwenye simu? Picha ziko tele."

"Picha hazinuki, Ekrem. Washa gari."

Basi Jumamosi moja ya Mei wakapanda milimani na Golf yao kuukuu, Senija akiimba njia nzima kwa furaha. Alikuwa na namna yake ya kuchagua. Akionyeshwa chumba hakuuliza bei wala bafu. Alijitupa kitandani chali, akafumba macho, akajiuliza kama Nusret angeamka hapo akacheka. Ekrem alisimama mlangoni akijifanya fundi bomba aliyekuja kwa shughuli nyingine.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na maua hadi kwenye paa, lakini kila ukuta ulibandikwa katazo. Usikanyage majani. Usiimbe baada ya chakula. Usiingize tikiti maji.

"Tikiti maji limekosa nini?" Ekrem aliuliza. Mwenye nyumba hakuona cha kuchekesha, wakaondoka.

Ya pili ilikuwa hoteli ndogo ya mbao mpya, yenye kitanda laini mno hata Senija akasinzia kidogo. Alikuwa ameshafungua mkoba aweke nafasi. Akaomba kahawa, na binti wa mapokezi akamwonyesha mashine pembeni. "Bonyeza hapo, dada."

Senija aliufunga mkoba. "Kahawa ya kubonyeza!" alifoka walipofika nje. "Hiyo si anainywa kazini kwake kila siku? Aje mpaka Bosnia kubonyeza?"

Alasiri walifika Višnjevo, mbele ya nyumba ya mawe yenye kibao kilichoandikwa kwa mkono: VYUMBA. Bibi wa miaka sitini na ushei alitoka mbio, unga hadi kwenye viwiko, akicheka kabla hajajua hata majina yao.

"Karibuni wanangu, karibuni! Mimi Hatka. Vueni viatu, miguu ipumue!"

Akawavisha sapatu za sufu alizozifuma mwenyewe, za kijivu zenye kijistari chekundu. Hawajaketi, kahawa ikafika, mdila wa shaba unatoa moshi. Hawajaishusha, ikafika ya pili, pamoja na pita, ule mkate wa tabaka uliojazwa jibini, na maziwa ya mgando. Ekrem alipotelea kwenye pita. Senija alipanda juu peke yake, ngazi zikilia kila hatua kama zilivyolia zile za baba yao. Alijitupa kitandani. Dirishani kulikuwa na tawi la mplamu, na sandukuni kulinuka majani ya mjozi. Hakuwa na haja ya kufumba macho. Machozi yalimtoka kwa furaha.

"Ekrem! Ndiyo hii! Ndiyo hii!"

"Mimi nimejua tangu pita," sauti ilijibu kutoka chini.

Alishuka mbio kuweka nafasi. Kabla hajafungua mdomo, Mama Hatka akamwekea mbele yake kahawa ya tatu.

Wengine husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwetu jembe la nini? Kahawa ya kwanza ni ya kumpokea mgeni, ya pili ni ya mazungumzo, na ya tatu ni ya kumwambia kwa adabu zote kwamba mlango alioingilia bado uko palepale. Mtoto wa Kibosnia hulijua hilo kabla hajajua kusoma.

Senija alitazama saa. Hata saa moja haijatimia! Uso ulimwaka kwa aibu. Aliinywa kwa mkupuo, ikamuunguza ulimi, akasema, "Ahsante mama, Mungu akuzidishie," akatoka. Ekrem alimfuata na pita mdomoni.

"Ametufukuza!" Senija alilia ndani ya gari. "Tumemkosea nini? Kumlalia kitanda?"

"Ulikilalia vizuri mno."

"Usinichekeshe! Nusret angekaa pale, Ekrem. Angekaa siku zote kumi." Akalia kweli sasa.

Ekrem alimgeukia amtulize, macho yakamwangukia miguuni. Akapunguza mwendo. "Bi mkubwa, hizo sapatu za nani?"

Senija akainama. Za kijivu, kijistari chekundu. Akaitazama miguu ya Ekrem juu ya pedeli, nayo vilevile.

"Ya Rabi! Sasa na wizi juu! Geuza gari."

Walimkuta Mama Hatka ameketi kizingitini. Viatu vyao ameshavipanga, vumbi ameshafuta, na mdila unafuka kando yake.

"Nilijua viatu vitawarudisha," alisema, lakini macho yake yalikuwa mekundu. "Mbona mlikimbia, wanangu? Pita ilizidi chumvi?"

"Mama, si ulitupa ya tatu?"

Mama Hatka akahesabu kwa vidole. Alipofika cha tatu akajipiga paji la uso, unga ukabaki hapo.

"Ole wangu! Wallahi sikuhesabu! Ninyi ndio wageni wangu wa kwanza. Tangu marehemu mume wangu aniache, mwaka wa sita huu, nachemsha finjani moja asubuhi, moja jioni. Leo nimeona watu sebuleni, mikono ikaenda yenyewe. Ningechemsha mpaka kisima kikauke!"

Senija aliketi kizingitini akicheka na kulia kwa pamoja. Alimweleza yote, habari za Nusret, zile siku tatu, nyumba ya wazazi na miti yake ya plamu. Kisha akachukua vyumba vyote viwili, kwa siku kumi.

"Ila nina sharti moja, mama. Kaka yangu akija, ya tatu usimpe."

"Siku nzima mtu anywe mbili tu? Wageni watanisema!"

Senija alifikiri. Bibi ana haki.

"Basi ukitoka ya pili," alisema, "mpe ya nne."

Mama Hatka hakucheka. Alimimina kahawa polepole, midomo ikicheza kama ya mtu anayehifadhi dua.

"Moja," alisema. "Mbili. Nne."