Mlango wa Mita Moja na Nusu

Mwongozo wa shule za chekechea uliandikwa mchana mmoja, na mtu mwenye njaa. Ofisini walimwita Bwana Aya, kwa kuwa hakuna jambo duniani asiloweza kulipatia namba na kulipanga. Alipofika kwenye upana wa mlango wa darasa, hakuwa na kipimo chochote kichwani. Basi akaupima mlango wa ofisi yake, ule mpana wa kupitishia makabati, akaandika: "Inashauriwa uwe mita moja na nusu." Kisha akaenda kula. Utaalamu ndio huo, wengine mnausomea bure.

Miezi minane baadaye dada yake mkubwa akampigia simu. Dada huyo alikuwa akifundisha watoto ishirini na wawili sebuleni, katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao. Mkaguzi alikuwa amemnyima kibali kwa sababu mlango una sentimita tisini. Asipoupanua hadi Ijumaa, shule inafungwa.

"Hivi nani kaandika upuuzi huu?" dada aliuliza.

Bwana Aya alikohoa. "Nitafuatilia."

Akashuka hadi dirisha la vibali, ghorofa ya chini ya jengo lile lile, kifua mbele. Ukurasa wa kwanza aliujua kwa moyo: mwongozo huu ni ushauri tu, si sheria, wala mtu asinyimwe kibali kwa sababu yake.

"Mzee, sisi tunafuata mwongozo," alisema mama wa dirishani.

"Lakini mama, ukurasa wa kwanza unasema si sheria."

"Wa kwanza?" Akaivuta nakala yake iliyochakaa pembeni. "Wetu unaanzia ukurasa wa tatu. Tulikuwa tunabana matumizi ya karatasi. Huko mbele si ni utangulizi tu?"

"Nimeuandika mimi."

"Hongera. Una barua?"

Hakuwa nayo. Akapanda kwa mkurugenzi, ambaye alimsikiliza kwa huruma zote za mtu asiyekusudia kufanya lolote. Kuufafanua mwongozo, alisema, kunahitaji kamati, maoni ya wadau na miezi mitatu, tena wakijitahidi. Kuuandika kulihitaji mchana mmoja, ila hilo Bwana Aya alilimeza. Wahenga hawakukosea: mchuma janga hula na wa kwao.

Alhamisi akaomba ruhusa ya ugonjwa, akaenda kwa dada yake na nyundo. Watoto walikuwa wamekaa uani wakiimba kuhesabu, na kila alipobomoa tofali walipoteza hesabu wakaanza upya. Dada alisimama kando, mikono kiunoni.

"Sisi sote tisa tumekulia kwenye mlango huu," alisema. "Jeneza la baba lilitokea hapa, na likaenea. Leo watoto wa miaka minne ndio hawaenei?"

Bwana Aya aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, akapiga tofali ambalo halikuwa na kosa lolote.

"Yule aliyeandika," dada akauliza, "umempata?"

"Nimempata."

Dada akamtazama mdogo wake, vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nyundo mkononi, tai bado shingoni. Kisha akaenda jikoni, akarudi na ufagio, akauegemeza ukutani karibu naye.

"Mwambie akimaliza, afagie."