Breki za Pikapu ya Mama

Kriii! Sauti ilifika kwanza, kisha pikapu ya mama ikaingia uani.

"Kesho nashusha mayai kwenye ule mteremko," alisema mama. "Nitaipeleka kwa fundi."

"Fundi wa nini, mama, na mimi nipo?"

Kufikia alasiri nilikuwa nimefunga pedi mpya za breki na shokapu zote nne. Pikapu ilisimama wima kama bwana harusi. Dada alikuwa amekalia ndoo nyuma ya gari, karibu na ukuta.

"Umepampu breki, ukakanyaga tena na tena mpaka pedali ikaze?" aliuliza.

"Dada, wewe kashone magauni yako."

Alinyanyuka, akasogea pembeni. Ananijua.

Nikawasha pikapu, nikarudi nyuma taratibu, nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka chini. Nilivuta breki ya mkono, lakini ndoo ilikuwa imeshabanwa ukutani, bapa kama sahani.

"Hongera, fundi," alisema dada.

Nikapampu mpaka pedali ikakaza. Mama alitoka, akaitazama ndoo, kisha akanitazama mimi.

"Mama," nikasema, "kesho nitashuka mteremko peke yangu kwanza, bila mayai na bila wewe. Ikisimama vizuri, ndipo nitarudi kukuchukua."