Mbuzi Aliyemwita Athanase

Emérence alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwenye lungo, na mbuzi wake mweusi akaanza kuzaa. Aliliweka lungo juu ya banda ili kuku wasilifikie, akaenda zizini. Mtoto alitoka vizuri, kichwa kikiwa kimelala juu ya miguu ya mbele. Emérence alimfuta pua kwa nyasi kavu, akamsogeza juani. Mtoto akatikisa masikio, akafungua kinywa, akauliza kwa sauti ya mwanamume mzima, kama mtu anayemtambua mwenzake:

“Athanase, njo weye?”

Ilikuwa sauti ya Nzabonimpa, jirani yao wa ng'ambo ya kijito, aliyekufa msimu wa maharage uliopita. Hata ule mkwaruzo wa kiko ulikuwamo. Emérence alimsukuma mtoto kwenye chuchu, akangoja mpaka aishike, kisha akanawa mikono na kurudi kwenye lungo lake. Maharage yalikuwa makuukuu, yangekaa sana motoni.

Mchana mumewe Athanase alirudi kutoka shambani. Alipopita mbele ya zizi, mtoto wa mbuzi akauliza tena. Athanase alisimama, jembe begani.

“Ni dume ao jike?”

“Dume.”

“Basi ikomae, tutaiuza,” alisema, akaingia ndani kula.

Yule mbuzi mweusi alitoka kwa Nzabonimpa. Hapo Ngungu, katika milima ya Masisi, Nzabonimpa na mkewe Béata walilima mteremko ambao mababu zao waliufyeka msitu wake na wakazikwa humo. Athanase ndiye aliyembeba binti yao Verdiane siku ya ubatizo. Béata naye alimfundisha Emérence mambo yote ya mbuzi: wasitoke kabla umande haujakauka, walale juu ya sakafu ya fito iliyoinuliwa ili mkojo udondoke chini na mapafu yao yasiingiwe na baridi, beberu abadilishwe asije akapanda binti zake, chumvi wapewe mkononi ili wazoee mkono.

Halafu ikaja vita ya majirani. Watu wakaambiwa kwamba wenye nyumba ya Nzabonimpa si wa mlima huu. Alasiri moja wanaume walivuka kijito na mapanga, na Athanase alikuwa kati yao, kwa sababu chifu alituma watu kumwita na kwa sababu wenzake wote walikuwa wanakwenda. Alirudi wakati wa chakula, miguu imejaa tope, akivuta mbuzi mweusi kwa kamba.

“Iliachwa,” alisema.

Emérence aliipokea kamba. Akaenda kumtafutia mbuzi chumvi.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa zizi lao. Baadaye chifu aliwaruhusu walishe kwenye mteremko wa ng'ambo, mradi wakumbuke meza yake kila sikukuu. Emérence alifuata mafundisho ya Béata neno kwa neno, na mbuzi wakaongezeka kuliko wa mtu yeyote pale Ngungu. Madume aliyahasi na kuyanenepesha, majike akayabakiza. Mbolea ilienda kwenye maharage, na maharage yakapanda juu ya miti yake mpaka ikainama.

Wote waliozaliwa humo walisema. Jike mmoja, kwa sauti ya Nzabonimpa, alimwita Béata aandae chakula. Mwingine, kwa sauti ya Béata mwenyewe, aliita kuku, na kuku wa Emérence walikuja. Wa tatu aliita, “Verdiane, ingia, baridi!” kila jua lilipozama nyuma ya mlima. Hakuna aliyesema zaidi ya neno lake moja. Katekista Théophile alikuja kuwasikiliza, akavua kofia, akasema Kanisa lilikataza mambo mengi lakini hili hakulikuta. Wachimbaji wa madini wa Rubaya waliwanunua kwa furaha, maana mbuzi anayesema haibiwi kirahisi.

Yule dume wa kwanza tu hakupata mnunuzi. Alikuwa mkubwa, mgongo mpana kama meza. Lakini kila aliyekuja kumpima alimsikia akiuliza swali lake, akageuka kumtazama Athanase, kisha akakumbuka kwamba ana shughuli mahali pengine.

Athanase alianza kuzunguka nyuma ya mgomba ili asipite mbele ya zizi. Mbuzi alimjua kwa hatua, akamuuliza hata hivyo. Athanase akakonda. Mkanda wake ulihitaji tundu jipya. Jioni moja Emérence alikuwa anakata majani ya viazi vitamu upande wa pili wa ua, akamsikia mumewe akijibu kwa sauti ndogo:

“Ni miye.”

Kisha mbuzi akauliza tena, kwa sauti ileile, kama mtu ambaye bado haamini macho yake.

“Uipeleke mbali,” Athanase alimwambia mkewe walipokuwa wakila. “Kule Walikale. Kule hawanijue.”

Emérence aliungana na wachuuzi waliokuwa wakishuka msituni kutafuta mawese. Mbuzi alitembea vizuri. Katika vijiji vya njiani aliuliza swali lake kila mwanamume alipotokea, na wanaume wakajibu kwa upole kwamba hapana, si wao. Msitu ulipoanza kuwa mzito hakukuwa na umande wa kungojea ukauke. Majani yalikuwa na maji siku nzima. Emérence alimkatia matawi akamtundikia juu, asile ya chini.

Sokoni Walikale alimfunga kwenye kigingi karibu na wanawake waliokaanga ndizi za makemba. Mbuzi akainua kichwa.

“Athanase, njo weye?”

Mmoja wa wale wanawake aliacha kijiko ndani ya mafuta. Alikuwa kijana, amejifunga kitambaa cheusi kichwani. Alikuja taratibu, akapiga goti mbele ya mbuzi, akamshika taya kwa mikono miwili kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kisha akainua macho, na Emérence akamjua.

“Mama Emérence,” Verdiane alisema. “Hii ni sauti ya papa.”

“Njo yake, mutoto wangu.”

“Papa iko wapi?”

“Iko ndani ya shimo ya viazi, nyuma ya nyumba yenu.”

“Na mama?”

“Iko naye.”

Verdiane alitikisa kichwa polepole. Siku ile alikuwa kisimani. Aliona moshi, akaacha mtungi, akakimbilia upande ambao njia iliteremka. Mbuzi akauliza tena.

“Ni Athanase gani?” Verdiane alisema. “Ni ule mwenye alinibeba kwa batizo?”

“Makemba yako inaungua,” Emérence alisema.

Verdiane hakugeuka. Makemba yaliungua mpaka jirani yake akayaepua.

“Twende ku biro,” Verdiane alisema.

Emérence angeweza kukataa. Lakini mbuzi hakuzoea mkono mwingine, na mtoto huyu alikuwa wa Béata. Basi akashika kamba mwenyewe. Biro, ofisi ya serikali, ilikuwa karibu na soko, chumba kimoja chenye pazia la maua. Karani alikuwa mtu mwenye adabu. Aliwapa kiti, akamsikiliza Verdiane akieleza habari za moshi na za mteremko wao, kisha akamsikiliza mbuzi, akaomba asikilize tena.

“Sauti iko wazi,” alisema. “Hakuna mutu atasema haisikilikane. Sasa huyu Athanase ni nani?”

Verdiane aligeuka. Alimtazama Emérence, akangoja, mikono juu ya magoti.

Emérence aliiona nyumba yake, na sakafu ya fito aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe, na watoto wake wakishuka kilima kwenda shule ya mapadri. Alimwona Béata pia, akimwekea chumvi kiganjani na kumkunja vidole juu yake.

“Ba Athanase ni wengi kule Masisi, karani,” alisema.

Karani alikubali. Hata yeye alimjua mmoja, fundi wa nguo. Akaeleza kwamba zaidi ya hayo mashamba ya Masisi huamuliwa Masisi, na anayetaka kurudishiwa mteremko wake aende kwa chifu wa pale pale. Kisha akawaomba wamtoe mbuzi, kwa sababu alikuwa ameanza kula pazia.

Nje walisimama juani. Verdiane akanyoosha mkono, Emérence akamwachia kamba.

“Usiitoe mbele umande ikauke,” Emérence alisema. “Mapafu yake—”

“Ile, mama njo alikufundishaka,” Verdiane alisema.

Akamvuta mbuzi kuelekea majiko ya makemba. Mbuzi alimfuata bila ubishi, yeye ambaye hakuzoea mkono mwingine. Emérence alingoja kuona kama Verdiane atageuka. Wachuuzi walimwita, akaenda kujitwisha dumu la mawese la mwenzake aliyeumwa mguu.

Alipofika Ngungu, Athanase alikuwa ananoa panga mbele ya nyumba. Alimtazama mikono mitupu.

“Iliuzika?”

“Apana. Nilimupa mwenyewe yake.”

Jiwe la kunolea likasimama. “Mwenyewe iko muzima?”

“Iko muzima.”

“Atakuja?”

“Walimwambia aombe kwa chifu.”

Athanase alivuta pumzi, akaishusha. Kisha akarudi kunoa, na jioni hiyo alikula sahani mbili. Emérence hakugusa chakula chake. Aliketi akisikiliza zizi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyekuwa akiuliza.

Wiki iliyofuata chifu alituma watu kupanua ua. Mbuzi walikuwa wengi mno kwa nafasi waliyokuwa nayo, na mteremko wa ng'ambo ulikuwa bado hauna ua. Wanaume walivuka kijito na nguzo mabegani. Athanase aliwaongoza nyuma ya kuta zilizoungua za nyumba ya Nzabonimpa, mahali ambapo nyasi zilikuwa ndefu na za kijani kuliko kwingine kote, akasema mstari upite hapo hapo katikati. Akamrushia mkewe ncha moja ya kamba.

Emérence aliishika, akaivuta mpaka ikanyooka.

Mmoja wa wanaume aliinua nyundo. Wakati huo jike lililokuwa likila karibu na miguu yake likainua kichwa na kumwita Verdiane aingie ndani, baridi inakuja. Mwanamume akaishusha nyundo na kungoja, kama mtu anavyongoja mkubwa amalize kusema. Jike lilipomaliza, akaipigilia nguzo.