Mwaka Ule Haukuchaguliwa Wimbo

Umeshawahi kuingia katika nyumba ya watu siku ya mwisho wa mwaka, ukakuta redio iko juu ya meza, imefunikwa kitambaa, na hakuna mtu anayethubutu hata kuipangusa vumbi? Basi kwa Mama Verdiane, pale Kirolirwe, juu kidogo ya barabara inayoshuka kwenda Sake, ndivyo ilivyokuwa. Kitambaa kilikuwa cheupe, cha kufuma kwa mkono, na maua ya bluu pembeni. Redio ilikuwa nyekundu, ya kuchomeka flashi, na Valens, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyeinunua Kitshanga baada ya kuuza viazi vya msimu mzima.

Valens mwenyewe hakuwepo. Mwezi wa sita alipanda lori kwenda Walikale, kuchimba mawe ya madini kule msituni, kwa sababu shamba lao la bondeni lilikuwa limekanyagwa na vita na ng'ombe wa watu. Siku ya kuondoka alikaa juu ya magunia ya chumvi, miguu inaning'inia, akaimba mpaka lori likapotea kwenye kona. Simu yake iliita mwezi wa saba wote. Halafu akawa anajibu yule mama wa rezo, sauti ya mtandao, yule asiyechoka, wa kusema mtu unayemtafuta hapatikani.

Igiraneza, dada yake Valens, alikuwa na miaka kumi na minane, na hakuna kitu alichopenda duniani kama muziki. Si kupenda kwa kusema tu. Akisikia wimbo mara moja, alikuambia gitaa la pili linaingia wapi, mpiga ngoma amechelewa wapi, na nani kati ya waitikiaji alikuwa na mafua siku ya kurekodi. Akikoroga bugali, mwiko ulifuata besi. Mama yake alikuwa akimfokea: "Weye, bugali si kongamano ya kucheza!" lakini anafoka huku anacheka.

Na kila tarehe thelathini na moja, yeye na kaka yake walichagua wimbo wa mwaka. Yalikuwa mashindano hasa. Kila mmoja anapiga wa kwake, anautetea kama avoka mbele ya tribinali, na jaji ni mama, amekaa mbele ya chungu cha maharage. Mama hakusema neno. Walikuwa wanaangalia kidevu chake: wimbo uliokitikisa ndio ulioshinda. Valens alikuwa na ujanja wa kuleta nyimbo za zamani za kwaya, kwa kuwa alijua udhaifu wa mama. Igiraneza analalamika: "Kaka, ule wimbo si wa mwaka huu, babu alizaliwa akaukuta!" Valens anamjibu: "Mimi nimeusikia mwaka huu, njo wa mwaka huu." Halafu wimbo ulioshinda unapigwa uani, majirani wanaingia kucheza, wengine na sahani zao mkononi.

Sasa sikiliza kilichotokea mwezi wa nane. Dereva mmoja aliyetoka upande wa Walikale alisimama sokoni, akasema shimo limeanguka, vijana wamebaki ndani. Shimo gani? Hakujua. Vijana gani? Majina hakuwa nayo. Mama Verdiane alikuwa amenunua chumvi. Alirudi nyumbani, akamimina chumvi kwenye kopo, akapiga kopo kidogo ili chumvi ikae vizuri, akazima redio katikati ya wimbo, akaifunika.

"Batri zinakula sana," alisema.

Redio ile haikutumia batri. Ilikula jua, kwa plaki ndogo ya sola iliyofungwa juu ya bati.

Katika vilima vile, nyumba yenye matanga haipigi muziki mpaka siku watu wanapokutana, wanakula, wanaondoa matanga. Hata mtoto mdogo anajua. Kwa hiyo Igiraneza alielewa: mama amemzika Valens bila mwili, bila kilio, bila kumwambia mtu, na yeye mwenyewe anaogopa kukiri. Sasa umwulizeje? Ukimwuliza, unamuua kaka yako kwa mdomo wako. Usipomwuliza, mnakaa hivyo hivyo, mnakula, mnafua, mnapalilia viazi, na katikati yenu kuna mtu ambaye hayuko hai wala hayuko maiti.

Miezi ikapita. Igiraneza akawa mwizi wa muziki. Alibeba mahindi mashinani hata yakiwa kidogo, kwa sababu mwenye mashine alipiga rumba kushindana na injini. Alisuka nywele kwa jirani yao Mamy hata zikiwa bado nzuri, ili asikilize simu yake. Mamy alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, wa kusuka na wa kuuza fromaji, jibini ya maziwa ya vilima vile. Alibeba zile duara za njano mpaka mbali, njia ikifunguka. Igiraneza akirudi nyumbani, anaacha wimbo mlangoni kama mtu anayeacha viatu vya matope. Na usiombe siku aliyojisahau akapiga mluzi wakati anaosha sahani. Mama hakumfokea. Alimwangalia tu, kisha akatoka nje kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Ikafika tarehe thelathini na moja. Mwaka huo usiku haukuwa wa kutembea, wenye bunduki hawakutaka kumwona mtu barabarani, kwa hiyo pasta alitangaza kwamba mkesha utafanyika saa nane mchana. Watu wakakesha jua likiwaka. Vijana walicheka chini chini: "Tunafunga mwaka na jua kichwani, hata Mungu bado anakula." Lakini kwaya ilipoanza, Igiraneza hakucheka. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akajaribu kuchagua wimbo wa mwaka peke yake, kichwani.

Wa Januari ulikuwa wa vijana wa Sake, wenye gitaa kama maji ya kijito. Yeye na Valens waliucheza mpaka mkeka ukachanika. Hapana, ule ulikuwa wa watu wengine, watu wenye furaha. Wa mwezi wa tatu waliusikia wamelala kwenye sakafu ya kanisa kule Kitshanga walipokimbia, watoto mia wakikohoa na mama mmoja anaimba ili wa kwake alale, na watoto wote wakalala. Ule alitaka kuuchagua, lakini hakujua jina lake. Halafu ule alioimba Valens juu ya magunia. Hapo moyo wake ukakataa. Kuuchagua ni kusema ulikuwa wa mwisho. Kuuacha ni kumsahau. Akaona kwamba mwaka mzima umempita na yeye, anayejua nyimbo zote, hana hata mmoja wa kuweka mbele ya mama. Akafunga macho akasema: Mungu, niambie moja. Yuko ao hayuko. Nitavumilia lolote, lakini niambie.

Walipotoka kanisani walikuta lori aina ya Fuso limesimama chini ya nyumba yao. Lilikuwa la Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Kitshanga, Mkatoliki wa rozari kwenye kioo, ambaye lori lake lilifika mpaka Walikale. Ndiye aliyembeba Valens mwezi wa sita. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Chini ya miguu yake aliweka mfuko wa mchele, sukari, na sabuni ndefu ya kukata.

Hakutoa mkono. Alisema tu:

"Pole sana, Mama Valens. Pole. Nilisikia Walikale, nikasema siwezi kupita hapa kama muntu hana haya."

Mama Verdiane hakuuliza umesikia nini. Alikaa palepale kwenye udongo na kitenge chake cha kanisani, na sauti ikamtoka. Ilikuwa sauti ambayo Igiraneza hakuwahi kuisikia kwenye wimbo wowote. Majirani waliokuwa njiani kutoka kanisani wakageuka. Mama mmoja akatandika mkeka, mwingine akaleta vikuni, moto ukawashwa uani kama desturi. Mamy alikuja mbio, analia tangu njiani, kitambaa cha kichwa kimeshuka shingoni.

Na Igiraneza? Kitu cha kwanza alichosikia mwilini mwake kilikuwa raha. Ndiyo, raha, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Yamekwisha. Sasa tutalia kama watu, tutaondoa matanga kama watu. Aibu ikamfuata nyuma, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya aanze kuuliza. Alimfuata Papa Nzanzu pembeni ya moto.

"Papa Nzanzu, alikufa siku gani?"

"Mutoto yangu, ile siku siijui."

"Walimuzika wapi?"

"Ile pia..." Akakuna ndevu. "Bienvenu njo aliniambia. Unamujua, ule wa kutengeneza simu, pale soko ya Walikale. Alisema: Papa, ule kijana wa Kirolirwe ulimuletaka hapa, alikufa, kwao wako kwa matanga."

"Bienvenu alimuona?"

"Hapana. Bienvenu haendake kwa mashimo, anaogopa hata mtaro. Alisikia kwa mama moja wa huku. Mama wa fromaji."

Wanawake waliokuwa wanalia wakapunguza sauti. Huku, wa fromaji na wa kufika Walikale alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa mkekani, amemkumbatia Mama Verdiane, anapangusa pua.

Igiraneza akapiga magoti mbele yake. "Mamy. Ni weye uliambia Bienvenu?"

"Niliambia muntu, ndiyo. Nilienda kuweka fromaji, akaniuliza habari ya kwetu."

"Weye ulisikia kwa nani?"

Mamy akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Kwa nani? Si kwenu! Tangu mwezi wa munane nani amesikia muziki kwenu? Nyumba ya Valens! Nyumba yenye kutuamusha sisi wote na seben saa kumi na mbili asubuhi! Mimi nikasema, hawa walipata habari, wanaficha juu ya woga ya wale wenye bunduki. Nilikuwa nalia kwangu peke yangu, ili nisiwaharibie siri." Akawageukia wengine. "Ni mimi peke yangu? Semeni, basi! Mama Uwamwezi, si weye pia uliniambia?"

Mama Uwamwezi akaangalia vikuni alivyovileta mwenyewe. "Niliona redio imefunikwa," alisema polepole. "Nikamaliza: amekufa."

Kila mtu pale alikuwa anafuata ile habari njiani, bila kutaka: ilitoka chini ya kitambaa cha kufuma, ikavuka uzio kwa Mamy, ikaenda na fromaji mpaka Walikale, ikapanda Fuso, na leo imerudi mlangoni na mchele na sukari, imevaa kama ukweli. Hakuna aliyemwona Valens ndani ya shimo. Hakuna aliyemwona nje ya shimo. Yote waliyokuwa nayo mwezi wa nane ndiyo waliyokuwa nayo sasa.

"Sasa hapa tunafanya nini?" aliuliza mwanamke mmoja, mkono bado kichwani. "Tunalia ao tunaacha?"

Matanga yanajulikana yanavyoanza na yanavyoisha. Lakini yaliyoanza kwa makosa, mkeka wake unakunjwaje? Mzee wa kanisa akasema tuombe, akaomba maombi mafupi yasiyosema kitu, kwa sababu hakujua amuombee nani, mzima au marehemu. Mtu akamwaga maji kwenye moto. Moshi ukapanda mweupe, ukawaingia wote machoni, na hapo hata waliokuwa hawalii wakatokwa na machozi.

Papa Nzanzu alisimama mbele ya vitu vyake kama mtu aliyevunja chungu dukani kwa wenzake. Kuvichukua, vibaya. Kuviacha, ni pole ya nani?

"Mama Valens, ile... ibaki ya bonane, ya mwaka mupya," alisema hatimaye. "Nikirudi kule nitaenda mwenyewe mpaka kwa mashimo. Nitauliza kwa majina. Naapa."

"Asante, Papa," Igiraneza alijibu kwa niaba ya mama. Alijua jinsi njia ilivyo, na mashimo yalivyo mengi, na majina ambayo vijana hujipa kule. Lori likaondoka. Mamy aliondoka wa mwisho, amebeba viatu vyake mkononi, anarudia, "Mimi sikuwa na roho mubaya, Igira, mimi nilikuwa napenda ule kijana," mpaka alipofika kwake.

Jua lilikuwa bado halijazama. Ukungu ulianza kushuka kutoka malishoni, ng'ombe wakisikika bila kuonekana. Mama Verdiane alikuwa amekaa palepale mkekani, miguu imenyooshwa, vumbi limeshika kitenge mpaka kiunoni, anakwangua majivu yaliyolowa na kijiti kidogo, mstari mmoja, kisha mwingine.

"Mama, tuingie. Baridi inaanza."

Hakusogea. Igiraneza akakaa karibu naye. Akataka kusema habari ni njema, kwamba kama hakuna aliyemwona amekufa basi huenda anaishi, kwamba Papa Nzanzu ameapa. Maneno yalimpanda mpaka kwenye meno, yakaonekana ya uongo, akayameza.

"Igira," mama aliita.

"Karame, Mama."

Kijiti kikasimama.

"Wakati ule Papa alisema pole, roho yangu ilikaa. Mara ya kwanza tangu mwezi wa munane, ilikaa chini." Akakiweka kijiti chini. "Halafu weye ukaanza kumuuliza, na mimi nilikuwa nasema ndani yangu: nyamaza, mutoto, usimuulize, acha tu. Nilitaka ikuwe kweli. Unasikia? Mutoto wa tumbo yangu. Nilitaka wanipe ule kifo yake, nimulie, nilale."