Habu ya Gurudumu la Kushoto

Nati ya nne iling'ang'ania. Orville Madsen aliimwagia mafuta ya kulegezea kutu, akasubiri kidogo, kisha akaiwekea spana tena na kuuegemea mpini kwa uzito wa mwili, taratibu, bila kuvuta kwa nguvu za kifua. Tangu apasuliwe moyo mwezi wa nne alikuwa amejifunza kufanya kazi hivyo. Nati ikalia mlio mkali, halafu ikaachia.

Gurudumu lilikuwa limelala sakafuni juu ya kipande cha boksi, na yeye ameketi kwenye kigoda kando yake. Nyuma yake gari lake aina ya Javelin lilisimama juu ya stendi za chuma, limebaki na magurudumu matatu. Ubavu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umebonyea ndani kama kopo la maziwa lililokanyagwa, na rangi yake ya haradali imebanduka. Upande wa kulia gari lilikuwa zima kabisa, linang'aa. Mtu akisimama upande ule asingejua kama kuna jambo lilitokea.

Jambo lenyewe lilitokea Jumapili moja mwishoni mwa Agosti, kwenye barabara ya ziwani hapo hapo mjini Kenosha. Orville alikuwa anaendesha, mjukuu wake Britta wa miaka kumi na mmoja amekaa pembeni. Gurudumu la nyuma kushoto likachomoka pamoja na ngoma yake ya breki, gari likaburura mkia, likajipigiza ubavuni kwenye nguzo ya taa. Britta alivunjika mtulinga, mfupa wa begani. Orville hakupata hata mkwaruzo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Watu waliokusanyika pale walisema mzee kagonga ukingo wa barabara. Macho, walisema. Umri. Binti yake Annelise, mama wa Britta, alilisikia hilo na kulishika.

"Baba, ni moja kati ya mawili," alimwambia jioni ile, wamesimama nje ya chumba cha mtoto hospitalini. "Kama ni wewe, unaacha kuendesha, unanipa funguo zote, hata za lile gari lako la kwenda dukani. Kama ni gari, basi linatoka gerejini na silioni tena. Utakaloniambia nitaliamini. Ila uniambie."

"Kuna la tatu."

"Lipi?"

"Sijui bado. Nipe muda nifungue lile gurudumu."

Annelise alimpa muda. Muda wenyewe ulikuwa unaisha Jumamosi, yaani kesho.

Orville alilitaka hilo la tatu kwa moyo wote. Kipuri kibovu cha dukani, pini iliyokatika, kitu kidogo chenye jina, kinachoweza kubadilishwa na mambo yakaisha. Javelin hii aliinunua mwaka sabini na moja, kutoka kiwanda kile kile alikokuwa akifunga milango ya magari. Huenda milango hii miwili aliifunga yeye. Kiwanda sasa ni kiwanja kitupu chenye uzio na majani. Kwenye maonyesho ya magari ya Jumamosi, watu walisimama kwa Mustang, wakasimama kwa Camaro, wakifika kwake wakapunguza mwendo, wakauliza, "Hii ni Mustang ya mwaka gani?" Yeye alijibu kila mara kwa upole, kana kwamba ni mara ya kwanza kuulizwa. Alifungua boneti, akawaonyesha injini. Wengi walitazama saa. Mmoja mmoja alibaki, na huyo mmoja alimtosha Orville kwa msimu mzima.

Alilivuta gurudumu likatoka. Chini yake kulikuwa na ngoma ya breki, na katikati ya ngoma, habu, kile kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu. Aliigonga ngoma kwa nyundo ya mti, akizunguka pande zote, mpaka ikatoka na vumbi la kutu. Akaiinua habu kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa mlango.

Magari yale yana tabia yao. Habu mpya ndani ni laini. Ekseli, ule mhimili unaozungusha gurudumu, ndiyo yenye meno, na fundi akikaza nati kubwa kwa nguvu zake zote, meno ya ekseli yanaingia kwenye habu na kujichimbia njia. Kuanzia hapo habu ile ni ya ekseli ile tu. Ukiivalisha ekseli nyingine itakaa vizuri, itaonekana imeshika, utaendesha wiki hata miezi. Lakini meno yanapanda juu ya njia za ekseli ya kwanza, yanateleza kidogo kidogo, nati inalegea, na siku moja gurudumu linaondoka. Aliyefunga milango kwenye kiwanda kile alilijua hilo. Fundi wa Chevrolet hakuwa na sababu ya kulijua.

Ndani ya habu kulikuwa na mistari ya namna mbili. Ya zamani, mirefu, yenye kutu. Na mingine mipya, imekatiza juu ya ile ya kwanza, imesagika.

Haikuwa habu yake. Ilitoka kwenye gari lingine, huko kwenye uwanja wa magari mabovu.

Orville alikaa nayo magotini. Gurudumu lile lilifunguliwa mara moja tu katika miaka mingi: mwezi wa nne, yeye akiwa hospitalini, rafiki yake Kaz, mwenye Camaro na fundi wa Chevrolet maisha yake yote, alipoingia na ufunguo wake mwenyewe wa gereji na kumfanyia breki zote nne ili arudi akute gari liko tayari. Alirudi, akalikuta limeoshwa, na kikaratasi kwenye usukani kimeandikwa, *Karibu nyumbani, wewe na yatima wako*, yaani gari lililofiwa na kiwanda.

La tatu alilokuwa akilitafuta lilikuwa hilo.

"Bado unaongea na maiti?"

Casimir Wojtak, Kaz kwa kila mtu, alikuwa anaingia kupitia mlango wa uchochoroni, akisukuma kigari chake cha kutembelea. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo tu ya uchochoro, lakini siku hizi safari ile ilimchukua muda. Mikono ilimtetemeka hata ikiwa imeshika vyuma vya kigari, na vyuma vikawa vinagongana vikimtangulia kama kengele.

Orville aliitumbukiza habu kwenye ndoo ya mafuta machafu, bila haraka, kama mtu anayeloweka kipuri.

"Naongea nayo kwa sababu inasikiliza," alisema. "Kuliko wewe, msaliti."

"Msaliti nani? Mimi nilinunua gari, wewe ulinunua udugu na kiwanda." Kaz alijishusha kwenye kiti kilichokuwa chake kwa miaka yote. "Ungekuwa na Camaro, saa hizi ungepiga simu, na wiki ijayo mtu angekushushia ubavu mzima hapo mlangoni, umefungwa kwa karatasi. Wewe utampigia nani?"

"Hakuna anayetengeneza."

"Ndiyo maana nikakuuliza."

"Yupo mmoja kule Ohio ana ubavu wa kulia."

"Wa kulia! Basi mwambie ageuke." Kaz alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia, akalitazama gari upande ulioumia. "Mtoto je?"

"Anaendelea. Analalamika kwamba hawezi kuogelea."

"Mimi ndiye niliyemshika mama yake kanisani akibatizwa. Nilimshika kwa mkono huu, ukiwa haujapotea." Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. "Nikuambie kitu, Orv? Usicheke."

"Sicheki."

"Usiku ule waliponiambia, nilikwenda nikasimama pale barabarani na tochi. Nikaona alama za matairi. Ndefu, nyeusi, zimenyooka. Breki zilishika. Yale magurudumu matatu yaliyobaki yalishika, la sivyo nguzo ile ingeingia mpaka alipokaa mtoto." Aliinua mikono yake kidogo. "Zile breki ndiyo kazi ya mwisho niliyofanya kwa mikono hii. Mwezi wa tano sikuweza hata kufunga vifungo vya shati. Nikasema, sawa, Mungu kanichukulia mikono, lakini aliniachia ya mwisho ikawa ya maana."

Orville aliokota kitambaa, akaanza kufuta spana. Aliifuta pande zote mbili, halafu akairudia.

"Zilishika," alisema. "Ni kweli. Nilizisikia mguuni."

"Sasa uligonga ukingo au hukugonga?"

"Sikugonga."

"Mimi nilijua! Nilimwambia Annelise, baba yako anaona nzi upande wa pili wa ziwa." Kaz aliinama mbele, kigari kikalia. "Basi nini? Umeona nini humo?"

Nje, mbwa wa jirani alibweka mara mbili, akanyamaza. Orville alikuwa na jibu mdomoni, la kweli, fupi. Kwa jibu hilo angebaki na funguo zake, angebaki na gari, Annelise angeelewa, pengine Britta angekaa tena kwenye kiti kile kiangazi kijacho. Alimtazama Kaz. Alitazama ile mikono miwili iliyokuwa ikigongana juu ya magoti, kila mmoja ukijaribu kumshika mwenzake.

"Gari," alisema.

"Gari vipi?"

"Chuma kibovu, Kaz. Habu imekatika yenyewe. Ndivyo walivyokuwa wakitengeneza. Rahisi rahisi. Ulikuwa unasema kweli siku zote."

Kaz hakucheka. Alisubiri, kana kwamba kuna sehemu ya pili ya mzaha inakuja.

"Rudia," alisema.

"Umesikia."

"Nimesikia, lakini hiyo si sauti yako." Uso wa Kaz ulikuwa umebadilika, umekuwa mwekundu mashavuni. "Miaka yote hii nakutukana gari lako, hujawahi kunipa hata nusu. Hata siku ile ya mvua lilipokataa kuwaka mbele ya kanisa ulisema linafikiri."

"Lilikuwa linafikiri."

"Basi! Sasa leo unaniambia ni bovu? Mimi nilikuwa natania, wewe mtu! Natania! Gari hili lilinipita mwaka sabini na tatu, pale njia panda ya shambani, mimi nimekanyaga mpaka chini. Nilikuwa naona taa zako za nyuma tu. Niliwaambia watu kwamba nilikuwa na mafuta mabaya. Sikuwa na mafuta mabaya, Orville. Lilinipita."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijua siku ile ile."

"Usilitukane, basi." Kaz alifuta pua kwa mkono wa shati, ikamchukua majaribio matatu. "Usilitukane mbele yangu."

Orville aliitikia kwa kichwa. Aliinama kuokota nati zilizotawanyika juu ya boksi.

Gari la Annelise lilisimama uchochoroni. Aliingia na mfuko wa samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa, na harufu ya mafuta na ndimu ikajaa gerejini. Alimbusu Kaz kwenye paji la uso, akauweka mfuko juu ya benchi, akaona gurudumu limefunguliwa. Akasimama pale pale.

"Kwa hiyo?"

"Ni gari," Orville alisema.

"Una uhakika, Baba?"

"Nina uhakika."

"Hulitetei?" Alimgeukia Kaz. "Halitetei?"

"Nimejaribu mimi," Kaz alisema kwa sauti ndogo. "Hataki."

Annelise alikuwa amejiandaa kugombana; ilionekana mabegani mwake. Alitafuta mahali pa kuyaweka maneno aliyokuja nayo, hakupaona, akakaa juu ya sanduku la vifaa, bado amevaa viatu vyake vya kazini.

"Samahani, Baba," alisema. "Nilidhani utaniambia kitu kingine. Nilitaka uniambie kitu kingine."

"Wewe huna kosa."

"Nitamwita mtu wa vyuma chakavu aje Jumatatu?"

"Hapana." Hapo sauti yake ilikuwa imara. "Halisagwi. Kuna watu wana magari haya, wanatafuta taa, vioo, milango, wanatafuta miaka na miaka. Hakuna anayewatengenezea. Nitalifungua mwenyewe, kipande kwa kipande, kila mtu apate anachokosa. Yule wa Ohio anataka boneti."

"Itakuchukua muda gani?"

"Msimu wa baridi wote, labda."

Annelise alilitazama gari, akamtazama baba yake. "Usinyanyue vitu vizito," alisema hatimaye, na hiyo ndiyo ikawa ruhusa.

Walikula samaki kutoka kwenye karatasi, wote watatu. Annelise alimkatia Kaz vipande vidogo vidogo bila kuombwa, na Kaz akajifanya hajaona. Annelise alipoondoka, Orville alichukua bisibisi, akachuchumaa nyuma ya gari upande wa kulia, ule mzima. Alianza na taa ya nyuma kwa sababu skrubu zake zilikuwa karibu.

"Nipe mimi nishike," Kaz alisema.

"Utazimwaga."

"Basi nitazimwaga."

Orville alimwekea kikopo cha bati mapajani, akamtilia skrubu ya kwanza. Ikaanza kulia ndani ya kikopo, haraka haraka, isinyamaze. Akamtilia ya pili. Ya tatu ilikuwa imekwama kwa kutu ya miaka arobaini na minane. Aliisukuma, akaipulizia mafuta, akaisukuma tena, ncha ya bisibisi ikateleza na kuchuna rangi, mstari mwembamba kwenye haradali. Orville aliupitisha kidole juu ya mchubuko ule, kisha akatafuta kitambaa cha kuung'arishia, akaanza kusugua, kabla hajakumbuka kwamba haina maana tena.

Aliendelea kusugua hata hivyo, mpaka ukafifia.

"Kazi gani hiyo?" Kaz aliuliza.

"Hakuna."

Mwanga ulikuwa umepungua mlangoni. Taa ya nyuma ilining'inia kwa skrubu moja, waya zake bado zimeshikilia ndani. Orville aliirudisha mahali pake kwa kiganja, ikae isije ikaanguka usiku, akaweka bisibisi juu ya bampa.

"Hii iliyokwama tutaiona kesho," alisema, akamshika Kaz kwapani ili amsaidie kusimama.