Saa ya Wazazi Marehemu

Siku ya Jumanne Selpher Ayuma aligundua kwamba amekufa, nje ya soko la Jericho, alipopanda mizani ya mzee anayewapima watu uzito kando ya barabara. Mshale haukusogea. Mzee aliinama, akapangusa kioo kwa kitambaa.

"Panda basi, mama."

"Nimepanda."

Mzee aliitazama miguu yake miwili juu ya mizani, akautazama mshale, kisha akakataa kulipwa, kwa kuwa hakuwa amepima kitu.

Dalili zilikuwepo. Wiki iliyotangulia, askari wa kaunti walikuwa wamewabeba wachuuzi wote wa mstari wake wakamwacha yeye na beseni lake la omena, dagaa wa ziwani. Alidhani ni maombi ya kanisa lake yamejibiwa.

Alijua pa kuuliza. Binti yake Marion, mwenye umri wa miaka tisa, alikuwa anaishi Makao ya Umande, nyumba ya watoto iliyo nyuma ya soko, ambayo huendeshwa kwa misaada ya watu wa ng'ambo. Selpher alimwacha pale mwaka uliopita alipolazwa kwa kifua kikuu. Walipatana miezi mitatu, mpaka apone. Alipona. Lakini kila alipokwenda kumchukua mtoto, meneja, Madam Elsie, alimwambia karatasi bado zinashughulikiwa.

Siku hiyo alikuta lango limefungwa na mlinzi, Mutisya, anakula githeri. Kabla mlinzi hajainuka, Selpher alikuwa ameshapenya bati la lango na kusimama ndani.

"Mama Marion, si ungengoja nifungue," Mutisya alisema.

"Pole. Sikujua nimeshaingia."

Madam Elsie hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akafungua faili ya Marion na kufuata mistari kwa kidole.

"Ulifariki tarehe tatu Machi," alisema. "Kifua."

"Na hamkuniambia?"

"Tulidhani ungejua."

Alimweleza taratibu. Mfadhili wa Marion, daktari wa meno aliyestaafu, alikuwa ameomba mtoto asiye na baba wala mama. Baba yake Marion hakujulikana aliko, kwa hiyo upande huo haukuwa na shida. Aliyebaki kuondolewa alikuwa Selpher.

"Ni karatasi tu, Mama Marion. Wewe endelea na shughuli zako."

"Naomba mniandike kwamba niko hai, nimchukue mtoto wangu."

"Faili imeshatumwa kwa mfadhili. Ukifufuka wewe, wataanza kuuliza kuhusu wengine."

"Wengine ni wangapi?"

Madam Elsie aliifunga droo ya faili polepole, na haikufungika vizuri, kwa sababu ilikuwa imejaa.

Selpher alikwenda kwenye ofisi ya serikali ya watoto mjini. Karani, kijana mwenye adabu, aliisoma barua yake mara mbili, akamwambia kwamba ombi la kumtoa mtoto hutiwa sahihi na mzazi aliye hai. Marehemu wana dirisha lao, la mwisho kulia. Dirisha hilo lilikuwa limefungwa. Alingoja mpaka saa kumi na moja, na katika muda huo watu watatu walikuja wakakalia kiti alichokikalia.

Basi akawa anakwenda Makao kila Jumamosi kumsuka Marion nywele, kama marehemu yeyote mwenye mtoto angefanya. Marion alimwona vizuri, na Mutisya pia, na wapishi. Wafadhili waliokuja kutembelea, waliosoma faili ndani ya ndege, ndio hawakumwona. Wageni hao walimkuta mtoto ameketi kwenye kigoda, nywele zake zinagawanyika na kujisuka zenyewe, mstari baada ya mstari. Mama mmoja alilia kwa furaha. Picha ilitoka kwenye jarida la wafadhili.

Baada ya hapo wageni walianza kuuliza kama kuna marehemu wengine. Madam Elsie alibandika tangazo langoni: Saa ya Wazazi Marehemu, Jumamosi, saa tisa hadi saa kumi, tafadhali tia sahihi kwa mlinzi. Wakaja kumi na wanane. Miongoni mwao alikuwemo Tobias Owiti, kibarua wa kiwanda cha sabuni, mwenye watoto wawili pale. Faili zao ziliandikwa na makarani tofauti, kwa hiyo Tobias alikuwa amekufa kwa malaria na pia kwa kugongwa na lori. Alikuwa hafifu kuliko wenzake wote. Upepo ukivuma, alishika kamba ya kuanikia nguo.

Jumamosi moja watoto walikuwa wanawaandikia wafadhili barua. Selpher alisoma juu ya bega la binti yake.

"Hapo, 'amefariki'. Umeandika 'amefaliki'."

"Mum, lazima niandike?"

"Wenzako wameandika. Weka r."

Marion akaweka r. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Leo naenda na wewe. Nimeshapanga nguo."

Saa kumi kengele ililia, na marehemu wakatoka kwa kupenya ukuta wa nyuma, kama walivyozoea, ili wasisongamane langoni. Selpher alimshika Marion mkono akapita. Vidole vya mtoto viligonga jiwe, mkono ukamponyoka. Selpher akarudisha kichwa ndani.

"Umeumia?"

"Kidogo."

Walijaribu tena karibu na mfereji, ambako ukuta ni wa zamani. Walijaribu kwa kukimbia. Marion alivimba paji la uso. Mutisya, aliyekuwa anawatazama, alikwenda akafungua lango, mabawa yote mawili.

"Piteni hapa," alisema.

Marion alisimama langoni na mfuko wake wa nguo. Mutisya akafungua daftari, kwa maana kila anayetoka huandikwa. Mtoto hutoka na mzazi wake. Alishusha kidole kwenye ukurasa wa wazazi, ambao haukuwa na jina hata moja, akafungua ukurasa wa marehemu, akalikuta la Selpher, na sahihi yake nzuri. Alipeleka kalamu kwenye ukurasa mmoja, kisha kwenye mwingine.

"Hakuna pa kuandika," alisema.

"Andika popote," Selpher alisema.

"Watanifuta kazi, mama. Na wangu wako shule."

Selpher alimtazama, akaona kwamba ni kweli. Mutisya akafunga lango bila kelele. Marion akarudi ndani, kwa kuwa chai ilikuwa inagawiwa. Mama yake alibaki na uso ukutani, juu ya mfereji, mpaka alipomwona amepata kikombe na kipande cha mkate. Akamwambia amalize wote. Kisha akautoa uso wake, akajifuta vumbi la chokaa, akarudi sokoni, kwa sababu jioni ndipo wanunuzi wa omena huja.