Pumzika, Bibi

Kwa siku kumi Huwaida alimwita Khulood "yule wa mashine", tena kwa kubenua mdomo. Si kwamba alimchukia. Mama yake, Bi Kaltham, alikuwa amelazwa chumba cha mahututi kwa nimonia, mpira umepitishwa kooni, mashine inampumulia, na Huwaida alimtaka daktari. Badala yake kila siku hutokea huyu binti wa mji wa Samail, mtaalamu wa kupumua ati, na Kiswahili alichookota jikoni kwa bibi yake Mpemba: "Shikamoo mama. Leo mapafu yake iko vizuri kidogo." Huwaida huitikia marahaba, kisha huchungulia nyuma ya bega lake kama daktari yuaja.

Hospitali yenyewe jina lake tuliache. Si mbali na nyumbani kwao Ibra, huku kwa Waarabu. Siku hiyo ya kumi Daktari Nabhan alisema wazi. Dawa ya usingizi imepunguzwa, mgonjwa ana fahamu zake. Asubuhi hii atajaribiwa kupumua mwenyewe kwa nusu saa, mashine ikimsaidia kidogo tu. Akiweza, mpira utatolewa. Asipoweza, kesho saa mbili asubuhi atapelekwa upasuaji, atobolewe tundu shingoni, mashine iunganishwe hapo.

"Atasema?" Huwaida aliuliza.

Daktari akajibu kwamba mwanzo hatasema, na baadaye, kwa umri wake, hawezi kuahidi.

Haya, kamwambie anayemjua Bi Kaltham kwamba atanyamaza! Mwanamke wa miaka sabini na tisa, aliyeondoka Unguja na masanduku mawili na mdomo wake, na mpaka leo akianza habari za mitaa ya huko, Vuga na Mkunazini, kahawa hupoa vikombeni, hakuna anayethubutu kuinuka. Kiswahili walichonacho wajukuu zake ni hicho alichowasemesha yeye. Huwaida aliiogopa nyumba ile bila sauti ile kuliko alivyowahi kuogopa kitu chochote.

Nusu saa haikufika. Zilipita dakika tisa, Khulood akatoka kwenye mlango wa mahututi, karatasi mkononi.

"Mama, nimesimamisha. Pumzi zake zimekwenda mbio, arubaini kwa dakika. Halafu kanyanyua kidole hivi." Akanyanyua kidole cha shahada. "Nimerudisha mashine, katulia. Kisha akataka kalamu. Mimi herufi nasoma, lakini maneno hii sifahamu. Si Kiarabu."

Huwaida akaipokea. Kweli si Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyozoea kuandikiana barua watu wa zamani: *Kama ndo wakati, niitieni Huwaida nimuage. Msinizimie mashine hajaja.*

Akaisoma mara ya pili. "Ulimwambia nini mama yangu?"

"Nilimwambia kwa lugha yake, bibi, sasa mashine tunapunguza. Pumzika. Pumzika tu, usiogope."

"Na ulitaka afanye nini?"

Khulood akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu. "Hivi."

"Huko ni kupumua, mwanangu. Kupumzika ni kulala, ni kuacha kazi. Na sisi mtu akifa husema kapumzika. Umemwendea mtu mzima yu mahututi, unamwambia unapunguza mashine, basi apumzike. Umemwambia afe, ndo akanyanyua kidole kutoa shahada."

Huwaida alikuwa na mengine ya kusema, makali, ya siku kumi nzima. Hakupata nafasi. Khulood alijiziba mdomo kwa mkono, macho yakamjaa. Kisha akajifuta uso.

"Basi hakushindwa bibi," alisema. "Nimeshindwa mimi."

Akageuka kumfuata daktari. Angeweza tangu mwanzo kuikunja ile karatasi akaitia mfukoni, akasema mgonjwa kachoka, na nani angejua? Watu wazima, wenye vyeo vyao, hufanya hivyo kila siku na usingizi wanapata. Huwaida akamfuata nyuma.

Khulood alimweleza daktari kwa Kiarabu, yote, bila kuficha hata herufi. Mgonjwa ametishwa na neno lake, alisema, mapafu hayakushindwa. Daktari Nabhan akasema upasuaji umeshapangwa saa mbili.

"Utaratibu wa idara unaniruhusu kurudia jaribio kila asubuhi, bila kungoja amri," Khulood alisema. "Kesho saa kumi na mbili na nusu nitarudia. Nikiona hawezi, nitamsukuma mwenyewe mpaka mlango wa upasuaji."

Daktari alimtazama kidogo. "Uamuzi ni wako. Kosa nalo liandike."

"Naliandika sasa hivi, daktari."

Hapo ndipo Huwaida alipofahamu, na aliona haya. Siku zote kumi daktari alikuwa akipita, huyu alikuwa akikaa. Ni yeye aliyeinua kichwa cha kitanda ili mate yasimwingie mgonjwa mapafuni, yeye aliyemvuta makohozi kwa mrija, yeye aliyepunguza nguvu ya mashine kidogo kidogo. Akamshika mkono pale pale ukumbini, wakakaa. Pumua. Vuta. Shusha. Kohoa. Binti akarudia kila neno mpaka likamkaa mdomoni, na mengine akayaandika kiganjani kwa kalamu.

Asubuhi ya pili yake Huwaida aliruhusiwa kuingia. Khulood hakugusa kidude hata kimoja kwanza. Aliinama sikioni mwa Bi Kaltham.

"Shikamoo bibi. Jana nilikosea. Sikutaka ufe. Nilisema pumzika, nilitaka kusema pumua. Unisamehe."

Mabega ya Bi Kaltham yakaanza kutikisika. Mashine ikapiga kelele, Khulood akarukia kioo cha namba, rangi imemtoka.

"Mwache," Huwaida alisema, na machozi yakimtiririka. "Anacheka."

Ndipo wakaanza. Vuta, bibi. Shusha. Dakika kumi, pumzi ishirini na mbili. Dakika ishirini, ishirini na nne, na Huwaida ameushika mkono wa mama yake huku akiitazama namba ile kama anayetazama maziwa jikoni. Kidole cha shahada hakikunyanyuka. Ilipotimia nusu saa Khulood alimtaka akohoe, akakohoa kwa nguvu. Binti akatoa upepo katika kipira kinachoshikilia mrija kooni, akasikiliza hewa ikipita pembeni, dalili kwamba koo halijavimba, akampigia daktari simu: yuko tayari. Daktari akasema autoe. Akauvuta, akamvisha barakoa ya oksijeni, akasimama akimtazama kifua.

Saa mbili, saa ile ya upasuaji, Bi Kaltham aliisogeza barakoa kwa kidole. Sauti ilitoka imekwaruza, nyembamba, lakini ilikuwa yake. Hakumtazama bintiye. Alimtazama Khulood, aliyekuwa amesimama hapo tangu alfajiri, maandishi yamemchakaa kiganjani.

"Sasa weye," alisema, "ndo ukapumzike."

"Bado, bibi," Khulood akajibu, akamrudishia barakoa mahali pake. "Bado kidogo."

Huwaida akamvutia kiti.